Maswali ya Wanafunzi wa Matsue

Mwalimu akitumwa kufundisha ugenini, mambo yanayomshika macho kwanza si sheria za nchi wala vita vya wafalme wake, bali ni mambo madogo ya kila siku: jinsi watu wanavyoamkiana, jinsi mama anavyombeba mtoto, jinsi mtu anavyocheka au kunyamaza msibani. Mwenyeji hayaandiki mambo hayo, maana amezaliwa nayo, wala haoni kwamba yanahitaji kusemwa. Mgeni huyaandika, kwa kuwa kwake ni mapya. Kwa hiyo vitabu vya walimu wageni vimekuwa vingi. Nasi tuliomo katika kazi ya shule na kanisa twavisoma, na baadhi yetu twaviandika. Lakini ni mara chache tunauliza swali hili: katika kitabu cha namna hiyo, ni nani hasa anayesema? Je, ni mwenyeji, au ni mgeni anayesikiliza sauti yake mwenyewe?

Twataka kulipima swali hilo kwa kitabu kimoja mashuhuri, Glimpses of Unfamiliar Japan, kilichopigwa chapa mwaka 1894 kwa juzuu mbili. Mwandishi wake ni Lafcadio Hearn. Tumekichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, sura yake moja ndefu ni kumbukumbu za siku za mwalimu wa Kiingereza katika mji mdogo wa Japani, nayo ni kioo cha kazi yetu. Ya pili, mwandishi hakuwapenda wamisionari, wala hakulificha jambo hilo. Msomaji wa kanisa ana haki ya kujua kama chuki hiyo imemharibia macho. Tena ana wajibu wa kusikiliza, maana hata asiyetupenda aweza kutuambia kweli.

Kwanza tumweleze mtu mwenyewe kwa ufupi. Hearn alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada. Mama yake alikuwa Mgiriki, na baba yake Mwairishi, daktari katika jeshi la Uingereza. Alilelewa Dublin na jamaa za baba yake. Alipokuwa kijana shuleni aliumia jicho la kushoto, likapofuka. Mwaka 1869 alikwenda Marekani, akawa mwandishi wa magazeti katika Cincinnati na New Orleans, kisha akakaa karibu miaka miwili katika kisiwa cha Martinique. Mwezi wa Aprili 1890 alishuka Yokohama. Kwa msaada wa Basil Hall Chamberlain, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Tokyo, akapata kazi ya kufundisha Matsue, mji wa ngome ya kale kando ya ziwa Shinji, upande wa magharibi wa nchi. Alianza kazi Septemba mwaka huo huo. Huko alimwoa Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa askari wa kale, samurai, ulioshuka katika umaskini. Novemba 1891 akahamia Kumamoto, na mwaka 1894 akaenda Kobe kuandika gazeti. Mwaka 1896 akawa raia wa Japani kwa jina la Koizumi Yakumo, akafundisha katika chuo kikuu cha Tokyo hata mwaka 1903. Alifariki Septemba 1904.

Pia yafaa kukumbuka nchi ilikuwa katika hali gani. Japani ilikuwa imewafungia wageni mlango kwa muda uliopita miaka 200, isipokuwa Waholanzi na Wachina wachache waliofanya biashara katika mji wa Nagasaki. Mwaka 1868 utawala mpya ulishika nchi, ukaazimu kujifunza elimu ya Ulaya na Marekani kwa haraka, ukaajiri walimu wageni kwa mshahara mkubwa. Mabao ya amri yaliyoikataza dini ya Kikristo yaliondolewa mwaka 1873 tu. Basi vijana aliowakuta Hearn darasani walikuwa wana wa watu waliokua katika desturi za zamani, nao wenyewe walikuwa wakisoma jiografia na hesabu kwa namna ya kizungu. Walisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Mwalimu huyu alifundisha katika shule mbili: shule ya kati ya jimbo, na shule ya kufundishia walimu, ambako vijana walikaa kwa utaratibu mkali kama wa askari. Anaeleza yale ambayo kila mmoja wetu ameyaona siku yake ya kwanza. Mbele yake zilikuwapo nyuso nyingi ambazo jicho la mgeni haliwezi kuzipambanua. Zikamwelekea kama picha ambazo mchoraji hajazimaliza. Hakusema kwamba nyuso zile zilikuwa na kasoro, bali alionyesha kwamba jicho lake ndilo lililokuwa bado halijafunzwa. Anaeleza pia kwamba katika shule zile mwalimu hakupiga wala hakutukana, na kwamba darasa likimwona mwalimu hafai, liliweza kukataa masomo hata aondolewe. Katika Ulaya, asema, mwalimu humfukuza mwanafunzi. Huku hutokea mara nyingi vilevile kwamba mwanafunzi ndiye amfukuzaye mwalimu. Maneno hayo yangetosha kuwaamsha wengi wetu wanaodhani kwamba fimbo ni nguzo ya elimu duniani kote.

Lakini uzuri wa sura ile hauko katika maelezo hayo. Uko katika maswali. Wanafunzi aliowapenda walizoea kumtembelea nyumbani kwake alasiri, wakaketi juu ya mikeka, wakamwuliza habari za kwao. Siku moja wakamwuliza jinsi wanawake wa Ulaya wanavyowabeba watoto wao. Akajibu kwamba huwabeba mikononi. Wakastaajabu, wakasema kwamba kazi hiyo yachosha sana. Wakataka kujua mama aweza kwenda mwendo gani hali amembeba mtoto hivyo, na kama aweza kutumia mikono yake. Mwalimu akakiri kwamba haiwezekani vema. Wakatoa hukumu yao papo hapo: basi hiyo ni namna mbaya ya kumbeba mtoto.

Msomaji wetu hana haja ya kufafanuliwa hukumu hiyo. Kila mama wa Bara na Pwani anayejua mbeleko angeitia muhuri. Lakini tuangalie namna mwandishi alivyoipokea. Hakuitetea Ulaya. Hakuleta hoja za waganga wala za wataalamu. Aliyaacha maneno ya vijana yasimame, na kwa kuyaacha amemfundisha msomaji mambo mawili kwa mara moja. Kwanza, kwamba katika Japani mtoto hubebwa mgongoni, na kwamba sababu yake ni mikono ya mama, ambayo ina kazi. Pili, kwamba kumbeba mtoto mikononi nako ni desturi tu, desturi ya watu fulani, iwezayo kuulizwa na kushindwa katika hoja. Mzungu aliyekuja kuangalia ameangaliwa.

Swali jingine lilikuwa zito zaidi. Kijana mmoja alisema amesikia kwamba Mzungu, akianguka baharini pamoja na baba yake na mke wake, naye peke yake ajua kuogelea, atamwokoa mke kwanza. Je, ni kweli? Mwalimu akajibu kwamba yamkini ndivyo, maana watu wa Ulaya huona ni wajibu wa mwanamume kumsaidia kwanza aliye dhaifu, hasa mwanamke na mtoto. Kijana akazidi kuuliza: je, Mzungu humpenda mke wake kuliko baba na mama? Mwalimu akasema si kila mara, lakini aghalabu. Kijana akajibu kwamba kwa fikira za kwao, jambo hilo ni uovu mkubwa.

Hapa padre na mwalimu wa dini hawana budi kusimama kidogo. Sisi husoma mbele ya bwana na bibi arusi kwamba mwanamume atamwacha babaye na mamaye, naye ataambatana na mkewe. Twasoma pia amri ya kuwaheshimu baba na mama. Yule kijana alishika amri ya pili kwa mikono miwili, na la kwanza likamwudhi. Hearn hakuona, au hakutaka kuona, kwamba swali lile lingeweza kufungua mlango wa mazungumzo marefu juu ya Maandiko yenyewe. Lakini tumpe haki yake: amelihifadhi swali. Wamisionari wengi wa siku zile waliulizwa maswali ya namna ile ile, nao wakayaandika majibu yao tu; maswali yamepotea. Ni afadhali nani kwa msomaji wa leo? Kwetu sisi ni yule aliyelihifadhi swali, maana jibu twaweza kulitafuta wenyewe.

Twakuta jambo hilo tena katika kitabu chake cha mwaka 1895, Out of the East, palipo sura juu ya wanafunzi wa Kumamoto. Aliwapa insha ya kuandika: ni jambo gani wanadamu hulikumbuka muda mrefu kupita yote? Wako waliojibu kwa akili nyingi, wakatoa sababu za moyo na za fikira. Lakini yeye alilipenda jibu moja la kijana aliyesema kwamba mtu hukumbuka zaidi aliyoyaona katika huzuni. Kijana huyo alifiwa na mama akiwa na umri wa miaka minne, siku ya baridi na upepo mwingi. Alikumbuka kwamba kabla mama hajafa alimpa chungwa. Mama akatabasamu, akalipokea, akalionja. Hakutabasamu tena. Mwandishi akalichapa jibu hilo kama lilivyo, wala hakulirekebisha. Twasema kwamba chungwa lile latufundisha habari ya mtoto na mama katika Japani kuliko kurasa nyingi za maelezo. Tena latukumbusha kwamba mwanafunzi anayeandika kwa lugha ya kujifunza aweza kusema neno lisilomwezekana mwalimu wake.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana kusifu bila kupima si kazi ya mhakiki. Katika kitabu hicho hicho cha mwaka 1894 iko sura juu ya tabasamu la Wajapani, nayo imesifiwa sana. Ndani yake yasimuliwa habari ya bibi mmoja wa kizungu wa Yokohama na mtumishi wake. Mtumishi alikuja akitabasamu, akaomba ruhusa kwenda kumzika mumewe. Jioni akarudi, akamwonyesha bibi yake chombo chenye majivu ya marehemu, akacheka. Bibi akaona ni ukatili. Hearn anamfunulia maana: kicheko kile ni adabu. Mfiwa hujizuia asimtwike mwingine uzito wa msiba wake. Ni kama kusema, jambo hili laweza kukuhuzunisha, tafadhali usijisumbue kwa ajili yangu.

Maelezo hayo ni ya huruma, na twaamini kwamba ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Yamewaokoa wasomaji wengi na dharau. Hata hivyo tuangalie jinsi yalivyopatikana. Habari ilitoka kwa bibi, ikafika kwa mwandishi, naye akaifasiri. Yule mtumishi hakuulizwa. Hatujui jina lake, wala hatujui alilia usiku ule au hakulia. Hatujui kama alicheka kwa adabu, au kwa hofu ya kupoteza kazi, au kwa kuwa moyo ulikuwa umejaa na hakuna njia nyingine ya kutokea. Katika sura ya wanafunzi, wenyeji wana midomo. Katika sura ya tabasamu, mwenyeji ni uso tu, na maana ya uso yatoka kwa mgeni. Vitu hivi viwili vimo katika kitabu kimoja cha mtu mmoja. Hukumu yetu basi ni hii: kitabu cha mwalimu mgeni ni cha kweli kwa kadiri wenyeji wanavyomwuliza na kumjibu ndani yake, na palipo na mgeni peke yake akifumbua siri za mioyo ya watu, hata akiwapenda, msomaji na akae macho.

Twafika sasa mahali pagumu kwa wasomaji wetu. Tarehe 30 Oktoba 1890, miezi miwili baada ya Hearn kuanza kazi, ulitolewa Waraka wa Mfalme juu ya Elimu, ukapelekwa katika shule zote, ukasomwa kwa heshima kuu mbele ya walimu na wanafunzi. Picha ya Mfalme nayo ilitunzwa shuleni, na siku za sikukuu watu waliinama mbele yake. Wanafunzi wa Matsue walimweleza Hearn kwamba walikuwa wameambiwa na mwalimu mgeni wa Kikristo kwamba heshima ile yawafanya kuwa kama washenzi. Wakataka kujua yeye aonaje.

Jibu lake halikusitasita. Aliwaambia kwamba ni wajibu wao kumheshimu Mfalme, kuzitii sheria zake, na kuwa tayari kumwaga damu yao akiitaka kwa ajili ya nchi. Kwamba ni wajibu wao kuistahi miungu ya baba zao na dini ya nchi yao, hata ikiwa wao wenyewe hawawezi kuamini yote wanayoyaamini wengine. Tena kwamba yawapasa kuyachukia matusi ya namna ile, yawe yametoka kinywani mwa nani.

Katika jibu hilo Hearn ana haki, tena amekosa. Ana haki katika habari ya tusi. Anayesimama mbele ya vijana wa watu na kuita heshima ya baba zao ushenzi hahubiri Injili. Anahubiri kiburi chake. Neno hilo la ushenzi limesemwa Afrika ya Mashariki pia, katika madarasa na katika mimbari, juu ya ngoma, juu ya matambiko, hata juu ya majina tuliyopewa na babu zetu. Na hasara yake twaijua. Mahali hapo, basi, asiyetupenda ametuambia kweli, nasi tumshukuru.

Lakini amekosa katika jibu lenyewe. Vijana walimwuliza jambo la dhamiri: je, tukiinama tunafanya nini? Yeye hakuwajibu swali hilo. Aliwapa utii, akawapa na damu juu yake. Hakuwauliza wenyewe wanaonaje. Yule aliyeyapokea maswali ya mbeleko na ya baba baharini kwa masikio wazi, hapa aliyafunga, akageuka kuwa mhubiri. Sisi tunaosoma leo twajua yaliyofuata. Waraka ule na picha ile vilitumiwa zaidi na zaidi kuwafunza watoto kumfia Mfalme, mpaka nchi ikaangamia katika vita iliyokwisha mwaka 1945. Na mwaka 1948 Bunge la Japani likautangua Waraka. Hatusemi kwamba mwalimu wa Matsue angeweza kuyaona hayo toka mbali. Twasema tu kwamba mgeni anayependa sana desturi za watu aweza kuwafunga kwa desturi hizo kwa nguvu kama yule anayezidharau.

Na lugha yetu ina neno la kusema hapa. Katika Kiswahili twatenga kuinama na kusujudu. Mtu huinama mbele ya mzee, mbele ya mfalme, hata anapopita mlango mfupi. Husujudu mbele ya Mungu, au mbele ya kile alichokifanya kuwa mungu. Mfasiri akiandika kwamba wanafunzi wa Matsue walisujudu mbele ya picha, amekwisha kuwahukumu kabla msomaji hajafika mwisho wa sentensi. Akiandika kwamba waliinama, amekwisha kuwaachilia. Neno moja lachagua upande. Wajapani wenyewe walibishana juu ya jambo hilo hilo, kama kuinama kule ni ibada au ni heshima ya raia. Na ubishi wao haukuwa wa kamusi, bali wa maisha ya watu.

Mfano wake uko wazi. Tarehe 9 Januari 1891, Hearn akiwa bado Matsue, shule moja kubwa ya serikali katika Tokyo ilifanya sherehe ya kuupokea Waraka wenye sahihi ya Mfalme. Walimu walikwenda mmoja mmoja kuinama. Uchimura Kanzō, mwalimu Mkristo, mtu aliyeipenda nchi yake kwa moyo wote, alipofika mbele aliinama kidogo tu, wala si kwa kina kama ilivyotakiwa, kwa kuwa dhamiri yake ilikuwa haijamwelekeza. Kelele zikaenea nchi nzima. Alipoelezwa kwamba tendo lile si ibada, alikubali kulifanya. Lakini alikuwa mgonjwa kitandani, na mwenzake akainama kwa niaba yake. Hata hivyo alipoteza kazi. Mtu huyu hakuwa mgeni aliyetukana, wala hakuwa mtumwa wa wageni. Alikuwa mwenyeji aliyejiuliza mwenyewe lile swali la wanafunzi wa Matsue, akalilipia.

Uchimura naye ameandika kitabu cha ugenini. Kabla ya hayo alikuwa amekaa Marekani tangu mwaka 1884 hata 1888, akasoma katika chuo cha Amherst; na mwaka 1895 akatoa kwa Kiingereza How I Became a Christian. Humo asimulia jinsi alivyokwenda akidhani kwamba ataiona nchi takatifu, akakuta wezi wa mifukoni, watu waapao ovyo kwa jina la Mungu, na ubaguzi wa rangi. Akakuta pia watu wema waliomsaidia mpaka imani yake ikapata mizizi. Twawashauri wasomaji wetu kuviweka vitabu hivi viwili juu ya meza moja. Mzungu asiye na imani aisifu Japani ya kale. Mjapani mwenye imani aipima Marekani ya Kikristo. Anayesoma kimoja bila kingine ameona upande mmoja wa sarafu.

Yabaki jambo la lugha, ambalo gazeti letu haliwezi kulipita. Hearn alikaa Japani miaka 14, akaoa huko, akazaa huko, akafa huko; walakini hakupata kukisoma Kijapani cha vitabu. Nyumbani yeye na mkewe walizungumza kwa Kijapani cha kuungaunga, chenye sarufi yao wawili. Hadithi za kale zilizompatia sifa, zile za Kwaidan ya mwaka 1904, nyingi zilipita katika kinywa cha Setsu. Setsu mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba mumewe hakutaka amsomee kitabu. Alimtaka asimulie kwa maneno yake mwenyewe na kwa fikira zake. Basi tena twakuta jambo lile lile: palipo na uzuri katika kazi ya Hearn, pana mwenyeji anayesema. Rafiki yake Nishida Sentarō, mwalimu mwenzake wa Matsue, alimwongoza katika desturi nyingi; kwake yeye ndiye alikotabarukia kitabu cha mwaka 1895. Jina la Setsu halimo katika jalada la kitabu chochote. Tunaozoea kuandika hadithi kutoka vinywani mwa bibi na babu, kisha kuzitia sahihi zetu, tuna jambo la kuwaza hapo.

Chamberlain, yule yule aliyempatia kazi, alitoa hukumu kali katika maandishi yake ya mwisho: kwamba Hearn aliona vitu vidogo waziwazi kabisa, lakini hakuweza kuvielewa vikiwa pamoja. Sisi hatuikubali hukumu hiyo kama ilivyo. Kuona vitu vidogo waziwazi si jambo dogo. Kosa lilikuja alipotaka kuvikusanya. Kitabu chake cha mwisho, Japan: An Attempt at Interpretation, kilichotoka mwaka wa kufa kwake, chataka kuieleza nchi nzima kwa msingi mmoja wa ibada ya wahenga, kwa kufuata mafundisho ya Herbert Spencer, mwanafilosofia wa Uingereza. Ni kitabu cha bidii na elimu. Lakini wanafunzi hawamo tena. Hakuna anayeuliza habari ya mbeleko. Anayesema ni Spencer, na Japani yatoa ushahidi kama alivyoitiwa. Hata hivyo mwanzoni mwa kitabu hicho hicho amehifadhi neno la rafiki yake mpenzi, aliyemwambia kabla ya kufa kwamba baada ya miaka minne au mitano, atakapoona kwamba hawezi kuwaelewa Wajapani kabisa, ndipo atakapoanza kujua kitu juu yao. Aliyeliandika neno hilo katika ukurasa wake hakuwa mtu wa majivuno.

Je, haya yote yana faida gani kwetu? Tazameni mfano ulio karibu. Tangu mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo, alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Naye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mzungu alikusanya na kutia jina lake mbele, lakini desturi zimesemwa na mwenyeji kwa lugha yake mwenyewe, za kuzaa, za jando, za arusi, za mazishi. Ndiyo sababu kitabu hicho chasomwa hata leo, ambapo vitabu vingi vya wageni wa siku zile, vilivyofumbua siri za mioyo ya watu wa Pwani, vimebaki vumbini.

Basi mwalimu anayetaka kuandika juu ya watu anaowafundisha, awe mgeni wa ng'ambo au mtu wa kabila jingine aliyepelekwa mbali na kwao, na aanze na daftari la maswali aliyoulizwa. Ayaandike kama yalivyo, pamoja na yale yaliyomfedhehesha. Aandike ni nani aliyemweleza, ikiwa mwenyewe aridhia kutajwa. Panapo mtu aliyecheka msibani, na aende akae naye kwanza, kabla ya kutafuta maana ya kicheko. Wahenga wetu walisema, kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza kwamba kuulizwa ni elimu. Lafcadio Hearn aliijua elimu hiyo alasiri zile za Matsue, vijana walipoketi mikekani pake, na kurasa alizoziandika kutokana na alasiri hizo zafaa kusomwa na kila mwalimu wa shule zetu, hata na wale asiowapenda.